Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Akodiani la “Weird Al” Yankovic

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: Squeeze Box, sanduku lililokusanya albamu zote za studio za “Weird Al” Yankovic, Mmarekani anayechukua nyimbo zinazovuma na kuzitungia maneno mapya ya kuchekesha. Lilitoka tarehe 24 Novemba 2017. Waliotuandikia ama wanalitafuta, ama wamelipata mkono wa pili, ama wanalo na kuna jambo limewakwamisha.

Ndugu Mhariri, hilo sanduku lina nini hasa? Nilidhani mkusanyo wake ulishatoka miaka ya tisini.

Ulishatoka mmoja, ila si huu. Mwaka 1994 ilitoka Permanent Record: Al in the Box, CD nne za nyimbo teule pamoja na wimbo uliokuwa mpya wakati huo, “Headline News”. Squeeze Box halichagui. Ndani yake kuna albamu zote 14 za studio, kuanzia ile ya 1983 iliyobeba jina lake hadi Mandatory Fun ya 2014, zote zikiwa zimetengenezewa masta (rekodi kuu ambayo nakala hutolewa) upya. Diski ya 15, Medium Rarities, imekusanya vilivyokuwa vimetapakaa nje ya albamu. Humo ndimo ulimo “Pac-Man”, mwigo wa “Taxman” wa Beatles, uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna pia kitabu cha picha na kumbukumbu chenye kurasa 100.

Vyote hukaa katika sanduku lenye umbo la akodiani, ala ambayo Yankovic alianza kufundishwa siku moja kabla ya kutimiza miaka saba. Usanifu wake ulipata Grammy mwaka 2019 katika kipengele cha vifungashio maalumu, na waliotunukiwa ni wasimamizi wa sanaa yake: Meghan Foley, Annie Stoll na Yankovic mwenyewe.

Kabla hujatoa fedha, ujue kwamba takriban nusu ya nyimbo zake si miigo ya wimbo wowote uliopo. Ni tungo zake mwenyewe. Anayetaka zile chache zilizovuma redioni atatosheka na mkusanyo wa kawaida. Sanduku hili ni la anayetaka ile nusu nyingine, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayoonyesha ustadi wake wote.

Lilitoka kwa CD na kwa santuri. Nichukue lipi?

Kwa muziki wa aina hii swali hili lina uzito kuliko kwa muziki mwingine, kwa sababu hapa neno likipotea utani umepotea.

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hubeba vizuri takriban dakika 22 kila upande. Muda ukizidi hapo, fundi anayekata masta hulazimika kubana mifereji, na ili ibanike lazima apunguze ukubwa wa sauti au besi. Ukipandisha sauti nyumbani kufidia, mikwaruzo na mvumo navyo hupanda. Albamu za miaka ya 1980 zilitungwa kwa kipimo cha santuri na kaseti, kwa hiyo zinaingia bila shida. Zile za tangu katikati ya miaka ya 1990 zilitungwa kwa kipimo cha CD, na baadhi yake zinakaribia au kupita dakika 50.

Tatizo la pili liko kwenye nyimbo za mwisho wa kila upande. Mashine huzunguka kwa kasi ileile, lakini sindano haipiti umbali uleule: ukingoni mfereji hupita chini yake kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na kitovu kwa sentimita 21 tu. Sauti ileile inapangwa katika nafasi isiyofika nusu. Kinachoumia kwanza ni “s” na “sh”, ambazo huanza kukwaruza. Sasa angalia Running with Scissors ya 1999: wimbo wake wa mwisho ni “Albuquerque”, zaidi ya dakika 11 za maneno yasiyopumzika, mengi yakiwa ya kupiga kelele. Ni mahali pabaya kuliko pote kwa wimbo wa namna hiyo.

Kama umeamua santuri, hakikisha mambo matatu. Sindano iwe ya ncha ya duaradufu au iliyo nyembamba zaidi, maana ncha ya mviringo haiingii vizuri kwenye mifereji iliyobanwa. Uzito wa sindano upimwe kwa mizani yake ndogo na uwe ule uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa sindano nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 2. Kuuweka chini ya kiwango kwa nia ya kulinda santuri ni kosa, kwani sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba. Tatu, pangilia kichwa cha sindano kwa kadi ya vipimo. Ukiyafanya hayo na bado “s” inakwaruza mwisho wa upande tu, kasoro iko kwenye umbile la santuri lenyewe na mashine yako haina hatia.

Ushauri wetu ni CD kwa kusikiliza, santuri kwa anayependa majalada makubwa. Na majalada hayo yana haki ya kupendwa: lile la Even Worse la 1988 linafuata Bad ya Michael Jackson, na la Off the Deep End la 1992 linafuata Nevermind ya Nirvana. Kwa ukubwa wa CD mengi hupotea.

Nimeoneshwa sanduku mkono wa pili. Nikague nini?

Hesabu kwanza, sifia baadaye. Diski ziwe 15, na Medium Rarities iwemo. Hiyo ndiyo rahisi kuchomolewa na ngumu kuitafutia mbadala. Kitabu kiwe na kurasa zote, ukikichunguza mgongo kama umeachia. Omba picha za pembe nne za sanduku, maana sanduku lenye umbo lisilo la kawaida huchubuka mahali ambapo sanduku la mraba lisingeguswa.

Kwa CD, ipindue chini ya taa. Mkwaruzo unaotoka kitovuni kwenda ukingoni si wa kutisha, kwa kuwa mashine hurekebisha makosa mafupi. Unaofuata mzunguko ndio mbaya, kwa sababu unafuta data nyingi zilizofuatana. Kisha iinue ielekee taa: ukiona tundu la mwanga upande wa maandishi, tabaka la fedha limebanduka na hakuna king’arisho kitakachorudisha.

Kwa santuri, iweke kwenye mashine bila kushusha sindano, uiangalie kutoka pembeni. Ikiinuka na kushuka polepole kidogo, itapigika. Ikiwa na kijilima kifupi cha ghafla, sindano itaruka. Santuri 15 na majalada yake ni kama kilo nne kabla ya kuhesabu sanduku na kitabu, kwa hiyo zikilazwa moja juu ya nyingine kwa miaka, za chini ndizo huharibika. Zisimamishe wima kwenye rafu imara. Kama sanduku halisimami vizuri, toa santuri uziweke rafuni na uliache sanduku lipumzike peke yake. Halipungukiwi na kitu.

Nimeingiza CD zote kwenye kompyuta, sasa msanii mmoja anatokea kama watu watatu, na faili nyingine zinakataa jina. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Ni alama za mtajo zilizomo katika jina lake.

Kwenye Windows, alama ya mtajo iliyonyooka hairuhusiwi katika jina la faili wala la folda, sawa na \ / : * ? < > na |. Programu nyingine huiondoa kimyakimya, nyingine huweka kistari cha chini, nyingine husimama. Albamu ya kwanza na ya pili zina jina lake ndani ya jina la albamu, kwa hiyo hugoma hata kabla ya kufika kwenye nyimbo. Kile cha kuona watu watatu hutokana na hifadhidata za intaneti: aliyeingiza albamu moja alitumia alama zilizonyooka, mwingine zilizopinda, wa tatu hakuweka kabisa. Kwa kompyuta hao ni wasanii watatu.

Fanya hivi. Chagua faili zote kwa pamoja katika programu ya kuhariri lebo (maelezo ya wimbo yaliyomo ndani ya faili), kwa mfano Mp3tag. Andika jina la msanii na jina la msanii wa albamu kwa namna moja tu kwa zote. Kisha katika lebo ya kupangia andika Yankovic, Weird Al bila alama yoyote, ili akae kwenye herufi Y. Folda ziite kwa mwaka kwanza: 1983, 1984, 1985, na kuendelea. Zitajipanga zenyewe, na ukizihamishia kwenye simu au redio ya gari hakuna alama itakayoleta ugomvi.

Kama bado hujaingiza, tumia programu inayolinganisha matokeo yako na ya watu wengine, kama Exact Audio Copy kwenye Windows au XLD kwenye Mac, na uhifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kuiharibu. Sauti ya CD isiyobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika; FLAC huishusha hadi karibu theluthi mbili ya hapo bila kupoteza kitu. Sanduku zima litaenea katika gigabaiti tano bila taabu.

Angalizo moja kwa wenye Off the Deep End. Baada ya wimbo wa mwisho, “You Don’t Love Me Anymore”, CD ya 1992 ina kimya cha kama dakika 10, halafu hulipuka kelele za sekunde chache ziitwazo “Bite Me”. Ni mwigo wa wimbo uliofichwa mwishoni mwa Nevermind. Ukiona faili yako ina urefu wa dakika 14 hivi badala ya 4, haijaharibika. Unaweza kuukata mkia katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, ukauweka faili yake peke yake, lakini utani wenyewe uko kwenye kule kusubiri. Sisi tungeuacha.

Kuna ujumbe uliorekodiwa kinyumenyume kwenye nyimbo zake? Naogopa kuzungusha santuri kwa mkono.

Upo, na unaogopa kwa haki. Sindano imefungwa kwenye kijiti kinachoning’inia kwa mpira laini, na kimewekwa kuvutwa kuelekea upande mmoja. Ukirudisha santuri nyuma unakisukuma kinyume na alivyokusudia mtengenezaji, na kwenye mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda unaunyoosha na mkanda.

Tumia kompyuta. Fungua faili ya “Nature Trail to Hell”, kutoka albamu ya 1984, katika Audacity. Tafuta mahali ambapo sauti inakuwa kama lugha isiyoeleweka, chagua kipande hicho tu, kisha katika menyu ya athari chagua kugeuza. Utasikia kwamba Shetani anakula Cheez Whiz, jibini laini ya kopo. Ule ulikuwa wakati ambao watu Marekani walikuwa wakishtumu bendi za roki kwa kuficha ujumbe wa kishetani, na hilo ndilo jibu lake. Kwenye “I Remember Larry”, ya 1996, ukigeuza unaambiwa lazima uwe na muda mwingi wa kupoteza. Usigeuze wimbo mzima, kwani utapoteza mahali pa kuanzia.

Mimi sikukua na nyimbo za Marekani. Nitacheka nini kama sizijui za asili?

Hili ndilo swali tulilolifurahia zaidi, na jibu lake linategemea ni wimbo wa aina gani.

Ana aina tatu kubwa. Ya kwanza ni mwigo wenyewe: lahani ya mtu, maneno yake. Hapa lazima uijue asili. Sikiliza wimbo wa asili mara mbili, mara ya pili ukifuatisha maneno, halafu mara moja piga mwigo. Usiweke siku katikati. Utaanza kusikia kwamba hachekeshi kwa maana tu: anabakiza vina, idadi ya silabi, hata pumzi ya mwimbaji. “Eat It” juu ya “Beat It” wa Michael Jackson ni mlango mzuri wa kuingilia. Ufuate na “Smells Like Nirvana”, juu ya “Smells Like Teen Spirit” wa Nirvana, ambao mada yake ni kwamba maneno ya wimbo wa asili hayasikiki. Kuna mahali anaimba kama mtu mwenye vitu mdomoni. Muziki wa chini hakuchukua kutoka rekodi ya mtu. Bendi yake inaupiga upya wote: Jon “Bermuda” Schwartz kwenye ngoma, Steve Jay kwenye besi, Jim West kwenye gitaa, na tangu miaka ya 1990 Rubén Valtierra kwenye kinanda. Watatu wa kwanza wapo tangu albamu ya 1983. Weka vipokea sauti vya masikioni usikilize ngoma peke yake katika wimbo wa asili na katika mwigo. Hiyo ni kazi ya mafundi.

Aina ya pili ni mwigo wa mtindo: lahani ni yake mwenyewe, lakini imetungwa kana kwamba msanii fulani ndiye aliyeitunga. “Dare to Be Stupid” ni Devo. “Dog Eat Dog” ni Talking Heads. “Genius in France”, dakika karibu tisa, ni Frank Zappa. “Bob” ni Bob Dylan, na kila mstari wake unasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Kwenye “Craigslist”, mwigo wa The Doors, anayepiga kinanda ni Ray Manzarek, aliyekuwa mpiga kinanda wa The Doors wenyewe. Hapa huhitaji wimbo mmoja wa asili. Sikiliza nyimbo nne au tano za msanii anayeigwa, uzoee tabia zake, kisha urudi. Na hata usipofanya hivyo, nyingi zinasimama kwa miguu yao.

Ya tatu ni polka, muziki wa dansi wa haraka wenye asili ya Ulaya. Anachukua vibwagizo vya nyimbo zilizovuma miaka hiyo, anaviunga kwa akodiani kwa kasi ya kukata pumzi, bila kubadili maneno. Utaikuta polka katika albamu zote isipokuwa ya kwanza na Even Worse. Ile ya Alapalooza ya 1993 ni wimbo mmoja tu wa Queen kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Usianze na diski ya kwanza ukashuka kwa mpangilio. Ile ya 1983 ina mvuto wake, lakini sauti ni ya mtu aliyekuwa bado anatafuta njia. “Another One Rides the Bus” iliyomo ni rekodi ya moja kwa moja ya redioni ya mwaka 1980, akodiani na mtu anayegonga sanduku lake. Anza na Off the Deep End au Bad Hair Day, nenda Straight Outta Lynwood, ndipo urudi nyuma. Mandatory Fun iache baadaye, ukishajua alikotoka. Hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu ya Billboard, miaka 31 baada ya ile ya mwanzo.

Kwa nini nyimbo zake zina majina ya watunzi wengine? Nilisikia sheria ya Marekani inaruhusu mwigo bila kuomba.

Inaruhusu baadhi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose iliyohusu kundi la 2 Live Crew, ilisema mwigo wa kibiashara unaweza kuhesabiwa kuwa matumizi ya haki, yaani yale yasiyohitaji ruhusa ya mwenye kazi. Lakini hoja hiyo ina nguvu pale mwigo unapousema wimbo wenyewe unaoigwa. Wimbo unaotumia lahani ya mtu kuzungumzia jambo jingine kabisa, chakula kwa mfano, una kinga dhaifu. “Smells Like Nirvana” ungejitetea vizuri. “Eat It” ungepata shida zaidi.

Yankovic huomba ruhusa kwa vyovyote, na watunzi wa asili hupata sehemu yao ya mapato. Ndiyo maana majina yao yapo. Pale mambo yalipoharibika, alama zake unaziona. Rapa Coolio, ambaye wimbo wake uliigwa, alilalamika kuhusu “Amish Paradise” kwamba hakuwa ameridhia, ilhali Yankovic alikuwa ameambiwa ruhusa ipo. Baadaye walipatana, na Yankovic tangu hapo akawa anapenda kumfikia msanii mwenyewe. Mwimbaji James Blunt aliridhia “You’re Pitiful”, mwigo wa wimbo wake, kampuni yake ya rekodi ikakataa, na mwaka 2006 wimbo ukatolewa bure kwenye intaneti badala ya kuingia Straight Outta Lynwood. Prince alikataa kila alipoombwa, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mwigo wa wimbo wake humo.

Ninazo CD zake za zamani. Nikipata sanduku niziuze?

Uza nyingine, mbili usiuze. Poodle Hat ya 2003 ilikuwa na sehemu ya kompyuta ndani ya CD yenyewe. Straight Outta Lynwood ilitoka Marekani kama diski ya pande mbili, upande mmoja sauti ya CD, upande wa pili DVD yenye video za katuni. Hiyo ya pili usiitie kwenye mashine inayomeza diski kwa mdomo, kama za magari mengi: ni nene kuliko CD ya kawaida na hunasa. Tumia mashine yenye sinia.

Sioni “The Hamilton Polka” wala wimbo wa ile filamu ya maisha yake. Nimeuziwa pungufu?

Hapana. “The Hamilton Polka” ni ya 2018 na filamu ni ya 2022. Sanduku lilikuwa limeshafungwa 2017. “Polkamania!” ya 2024 nayo haimo. Zinunue faili zake peke yake, uziweke kwenye folda ya 16.